Maswali ya Wasomaji: VPN ya Faragha, VPN ya Filamu

Barua za VPN zimetujaa toleo hili, na nyingi zimetoka Lamu na Malindi. VPN ni huduma ya kupitisha intaneti yako, ikiwa imesimbwa (imegeuzwa fumbo), kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni ya VPN, na tovuti hukuona uko pale seva ilipo. Zinazofanana tumeziunganisha. Anayetaka kununua asome mpaka barua ya mwisho kabla hajatoa pesa.

Assalam aleikum. Nina duka Langoni, Lamu, na mchana natumia waifai ya mkahawa wa jirani. Kijana mmoja kaniambia bila VPN pesa zangu za M-Pesa zitachukuliwa hewani, akaniwekea moja ya bure. Tangu siku hiyo matangazo hayaishi kwenye simu. Niiache au niitoe?

Waaleikumu salaam. Itoe leo. Kijana alikutakia kheri, lakini alikosea mawili.

La kwanza, ukibonyeza *334# ombi lako halipiti kwenye intaneti kabisa. Linakwenda kwa laini ya simu yenyewe mpaka kwa kampuni yako ya simu. Waifai ya mkahawa hailioni na VPN hailigusi. Apu za M-Pesa na za benki hupita kwenye intaneti, ila mawasiliano yake yanasimbwa tangu yanapotoka kwenye simu, sawa na tovuti yoyote ambayo anwani yake inaanza na https.

Mwenye waifai anachoweza kuona ni majina ya tovuti unazofungua, saa ulizozifungua na kiasi cha data ulichotumia. Neno la siri haoni, wala ujumbe wa WhatsApp. Ukiwasha VPN hata yale majina hayaoni tena. Anaona simu yako inazungumza na seva moja tu. Lakini majina hayo hayakufutika duniani. Sasa anayeyaona ni mwenye VPN. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila anayetaka VPN ni hili: nani namwamini zaidi, huyu mwenye waifai na kampuni yangu ya simu, au kampuni hii ninayoikabidhi kila kitu?

Kosa la pili ni kuchukua ya bure bila kujua nani anailipia. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, walichunguza apu 283 za VPN za Android. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikusimba chochote. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, VPN ya bure, inauza njia ya intaneti ya watumiaji wake wa bure kwa wateja wengine, yaani mtu usiyemjua anapita mtandaoni kwa anwani yako ya IP, ile namba inayotambulisha muunganisho wako. Mwaka 2020 UFO VPN ya Hong Kong, iliyokuwa ikiahidi kutotunza kumbukumbu za wanachofanya watumiaji mtandaoni, ilikutwa na kumbukumbu za watumiaji ziko wazi mtandaoni bila kufuli.

Kuitoa vizuri kuna hatua tatu. Fungua Mipangilio, ingia kwenye Mtandao na intaneti, kisha VPN, ukaifute hapo kwanza. Pili, kwenye sehemu ya usalama tafuta vyeti vya mtumiaji, yaani faili zinazoiambia simu nani wa kumwamini mtandaoni. Ukikuta cheti ambacho hukukiweka wewe wala kazini kwako, kiondoe, maana mwenye cheti anaweza kusoma hata baadhi ya yaliyosimbwa. Mwisho ndiyo uondoe apu.

Ukihitaji ya bure, ziko mbili tunazoweza kuzipendekeza. Proton VPN ya Uswisi haina kikomo cha data, ila ni kwa kifaa kimoja na huchagui nchi. Windscribe ya Kanada inatoa GB 10 kwa mwezi ukithibitisha barua pepe. Zote mbili zinalipiwa na wateja wa daraja la juu, ndiyo maana hazihitaji kuuza habari zako.

Nina nyumba ya wageni Casuarina, Malindi. Wageni wangu wengi ni Waitaliano na wanataka RaiPlay, huduma ya video ya Rai, runinga ya taifa ya Italia, kwenye runinga. Nimelipia VPN, nikachagua Milano, kwenye simu inafungua, kwenye runinga inakataa. Nimejaribu kurusha kutoka kwenye simu kwenda kwenye runinga, bado. Tatizo ni VPN au runinga?

Mara nyingi si VPN. Ni kwamba runinga yako haimo ndani ya VPN hata kidogo.

Unaporusha video kutoka kwenye simu, simu huiambia tu runinga ikachukue wapi. Runinga inakwenda kuichukua yenyewe kwa waifai ya nyumba, na Rai wanaona anwani ya Kenya. Hotspot nayo ina mtego wake: kwenye Android na iPhone za kawaida, data ya vifaa vilivyojiunga na hotspot hupita kando ya VPN ya simu. Simu iko Milano, runinga iko Casuarina.

Njia ya haraka kuliko zote ni kompyuta ndogo na waya wa HDMI. VPN iwe kwenye kompyuta, RaiPlay ifunguliwe kwenye kivinjari, runinga iwe skrini tu. Tungeanza na hiyo kabla ya kununua chochote. Ya pili ni kifaa cha Android TV, Google TV au Fire TV Stick, ambavyo kampuni nyingi za VPN zimevitengenezea apu. Runinga za Samsung na LG zina mfumo wao wenyewe na apu za VPN humo ni haba. Ya tatu, inayofaa nyumba yenye vyumba kadhaa, ni ruta ya pili yenye WireGuard (aina mojawapo ya VPN) ndani, mfano zile za GL.iNet, ichomekwe nyuma ya ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti. Ruta hizo za kupewa aghalabu hazina sehemu ya kuweka VPN. Ipe waifai ya pili jina lake, ijiunge nayo runinga pekee. Mkiiunganisha nyumba nzima, apu za benki za wageni zitaanza kuwakatalia kwa sababu zinawaona wako nchi nyingine.

Kampuni nyingine hutoa Smart DNS. Hiyo hubadilisha mahali unapoonekana kwa tovuti chache na haisimbi kitu. Kwa filamu inatosha, kwa faragha haina maana yoyote.

Ikikataa hata kwenye kompyuta, fuata mpangilio huu. Fungua ipleak.net VPN ikiwa imewashwa. Anwani ya IP iwe ya Italia, na seva za DNS, zile zinazotafuta anwani ya kila tovuti unayoiandika, zisiwe za kampuni yako ya intaneti ya hapa. Ukiona anwani ndefu yenye herufi na nuktambili, hiyo ni IPv6, aina mpya ya anwani ya IP. Ikiwa ni ya Kenya, ndiyo inayofichua ulipo, izime kwenye kompyuta au washa kinga yake kwenye apu ya VPN. Kama yote yako sawa, basi Rai wameitambua seva. Anwani za seva za VPN hukaa kwenye vituo vya data vinavyojulikana, na watu mia wakiingia kwa anwani moja, huonekana. Badilisha seva ndani ya Italia hiyo hiyo, futa vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari), fungua upya. Kwenye simu ondolea apu ruhusa ya mahali, kwani GPS haidanganywi na VPN. Usibadilishe nchi ya Play Store kwa ajili ya mgeni: ukishabadilisha, unangoja mwaka mzima kuirudisha.

Sababu ya vizuizi hivi ni haki za kurusha vipindi, zinazouzwa nchi kwa nchi. Umoja wa Ulaya una kanuni, tangu Aprili 2018, inayomruhusu mteja wa huduma ya kulipia kuendelea kuitazama akisafiri ndani ya Umoja. Malindi haimo. Sheria ya Kenya haikatazi VPN, lakini masharti ya huduma ni mkataba wa mgeni na huduma hiyo. Netflix, kwa mfano, humwonyesha mwenye VPN vipindi vile tu walivyo na haki ya kuvionyesha dunia nzima, na kwenye mpango wenye matangazo hawairuhusu kabisa. Kwa hiyo mgeni aingie kwa akaunti yake na jukumu liwe lake. Kutangaza chaneli za Italia kama huduma ya nyumba yako ni biashara ya haki za watu, hiyo tunakusihi usiifanye.

Na usiahidi mpira. Filamu huhifadhi sehemu ya mbele kabla hujaifikia, hivyo safari ndefu ya kwenda Milano na kurudi haionekani. Mechi ya moja kwa moja haina nafasi hiyo, na saa ya mechi ndiyo saa seva za Italia zinapojaa.

Mimi ni mwanafunzi, Mkomani, Lamu. Nanunua bando la YouTube, nikiwasha VPN bando halitumiki na kredo inakatwa. Halafu chumbani mwangu VPN inakuwa nzito sana, barazani iko sawa.

Bando la YouTube hufanya kazi kwa sababu kampuni ya simu inaona kwamba unakwenda YouTube. Umewasha VPN, haioni tena, basi inakuhesabia kwa bando la kawaida, na usipokuwa nalo inakula kredo. Hakuna VPN ya kutatua hilo. Tumia sehemu ya kutenga apu, iliyomo kwenye VPN nyingi nzuri za Android, uiweke YouTube nje ya VPN. Au nunua bando lisilochagua apu.

VPN yenyewe pia inakula data. WireGuard huongeza baiti 60 kwa kila pakiti ya takriban baiti 1,400, kiasi cha asilimia 4. OpenVPN, aina nyingine, huongeza zaidi. Kwa GB 1 utapoteza MB 40 na ushei, si balaa. Kinachomaliza bando ni ubora wa video. Netflix, ikiwekwa hali ya chini kabisa, hutumia GB 0.3 kwa saa, ya kati GB 0.7, ya juu mpaka GB 3. Shusha hapo kwanza.

Kuhusu chumba, kuta za mawe ya matumbawe za nyumba zenu za zamani ni nene na zinameza mawimbi. Pima kwa fast.com mara nne: chumbani na barazani, VPN ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Netflix wanapendekeza kasi ya Mbps 3 kwa picha ya ubora wa 720p na 5 kwa ile safi zaidi ya 1080p. Ikiwa chumbani huzifikii hata VPN ikiwa imezimwa, unachohitaji ni kusogeza ruta, si kununua VPN nyingine.

Kila kampuni inasema haitunzi kumbukumbu. Nitajuaje? Naandika habari za ardhi, Malindi, na faragha kwangu si mchezo.

Tangazo usilihesabu. Hesabu kilichotokea siku polisi au mahakama ilipobisha hodi. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba polisi wa Uturuki walichukua seva ya ExpressVPN wakichunguza mauaji ya balozi wa Urusi ya Desemba 2016, wasipate habari za mtumiaji. Aprili 2023 polisi wa Sweden walikwenda na hati ofisini kwa Mullvad, Gothenburg, wakaondoka mikono mitupu kwa sababu data waliyoitaka haikuwepo. Upande wa pili, seva moja ya NordVPN huko Finland iliingiliwa Machi 2018 na umma ukaambiwa Oktoba 2019. Kampuni hiyo imejirekebisha na kukaguliwa na watu wa nje tangu hapo, ila miezi hiyo ya kimya ni ya kukumbukwa unapochagua.

Kisha angalia mmiliki. ExpressVPN ilinunuliwa na Kape Technologies mwaka 2021, na Kape inamiliki VPN nyingine kadhaa, hivyo majina manne kwenye orodha yanaweza kuwa nyumba moja. Angalia kama ripoti ya ukaguzi unaweza kuisoma mwenyewe na ni ya mwaka gani. Angalia pia wanakuuliza nini wakati wa kujiunga. Mullvad hawataki hata barua pepe: unapewa namba ya akaunti, bei ni yuro 5 kwa mwezi, na unaweza kulipa kwa pesa taslimu ndani ya bahasha. Kwa kazi yako tungechagua hiyo, au Proton. Ila Mullvad usiitarajie kwa filamu, hawashindani huko.

Na usijidanganye: ukiwasha VPN huku umeingia Google na Facebook kwa jina lako, hao wanakujua vile vile. Tumia kivinjari tofauti kwa kazi. Mazungumzo na watu wanaokupa habari yapitie apu ya Signal. VPN haimlindi mtu wako ikiwa simu yake imeshikwa.

Novemba Telegram ilikwama, jirani akawa anaingia kwa VPN. Mei nyingine intaneti nzima ilikuwa taabani na VPN haikunisaidia. Mbona hivyo? (Mwalimu, Mambrui)

Ni mambo mawili tofauti, mwalimu. Wakati wa mitihani ya KCSE ya 2023 na 2024 Telegram ilikwama kwenye mitandao ya hapa. Huduma moja ikizuiwa, VPN hupita kando. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini. Njia yenyewe ikikatika, VPN haina pa kupita.

Simu yangu ni Tecno. VPN inajizima kila nikizima skrini. Hotelini Watamu haiunganishi kabisa.

Simu hizi hufunga apu za nyuma ili kuokoa betri, na VPN huwa ya kwanza kufungwa. Nenda Mipangilio, Apu, chagua VPN yako, sehemu ya betri weka isiwekewe kikomo. Kisha kwenye orodha ya apu zilizofunguliwa ifunge kwa alama ya kufuli. Halafu rudi Mtandao na intaneti, VPN, bonyeza alama ya gurudumu pembeni ya jina, washa VPN ya kila wakati na ile ya kuzuia miunganisho isiyopitia VPN. Hiyo ya pili ndiyo inayokulinda VPN ikikatika. Bila hiyo simu inarudi kwenye njia ya wazi na hupewi habari. Ukiona simu haina intaneti kabisa siku moja, kumbuka uliiwasha wewe.

Hotelini kuna mambo mawili. Ukurasa wa kuingiza namba ya chumba haufunguki VPN ikiwa imewashwa, kwa hiyo ingia kwanza, washa baadaye. Ikikataa bado, huenda waifai yao inazuia UDP, njia ya kutuma data ambayo WireGuard huitumia. Kwenye apu badilisha itifaki (aina ya VPN) uweke OpenVPN kwa TCP, njia nyingine ya kutuma data, mlango 443, ule ule wa tovuti za https. Ni nzito zaidi, lakini hupita karibu kila mahali.

Mwanangu yuko Dubai kikazi. Anataka nimtafutie VPN tuzungumze kwa simu ya WhatsApp. Mimi niko Shela, Lamu.

Mama, usimtafutie. Kule simu za sauti na za video za WhatsApp zimezuiwa, na Sheria namba 34 ya 2021 ya Falme za Kiarabu inamwadhibu anayeficha anwani yake ya IP kwa nia ya kutenda kosa: kifungo, au faini kati ya dirhamu 500,000 na milioni 2, au vyote viwili. Kampuni zinaruhusiwa VPN kwa kazi zao, mtu binafsi wa kupiga simu iliyozuiwa ndiye anayejiweka hatarini. Pakueni Botim au Zoom, apu za kupigiana simu kwa intaneti, zinaruhusiwa. Ujumbe wa kuandika na wa sauti wa WhatsApp unafika kama kawaida, huo haukuzuiwa.

Walio na safari ya Tanzania nao wajue: TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ilitoa tangazo Oktoba 2023 la kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili.

Nilipie vipi kwa M-Pesa, na nichukue ya mwezi au ile ya miaka miwili inayopunguzwa bei?

Chukua mwezi mmoja kwanza. Tunajua inauma, maana mwezi mmoja kwa kampuni kubwa ni kama dola 10 hadi 13, na ukilipia miaka miwili inashuka mpaka dola 2 hadi 5 kwa mwezi. Lakini VPN iliyosifiwa na mtu wa Nairobi mwenye intaneti ya faiba hadi mlangoni inaweza kukushinda Faza kwenye mnara mmoja wa simu. Ijaribu usiku wa saa tatu, wakati kila mtu yuko mtandaoni, kwenye huduma ile ile unayotaka kuitazama. Kampuni kadhaa hurudisha pesa ndani ya siku 30. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda. Na soma bei ya kuanzia mwaka wa tatu, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo na mara nyingi hupanda sana.

Njia za kulipa ni mbili. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanzishwa na Safaricom na Visa mwaka 2022, hutumika popote Visa inapokubalika: unaifungua kwenye apu ya M-Pesa au *334#, na pesa zinatoka kwenye salio lako. Namba ya usalama ya kadi hudumu muda mfupi, iombe ukiwa tayari kulipa. Ya pili ni Play Store, inayopokea M-Pesa hapa Kenya. Ukilipa huko, kurudishiwa pesa na kusimamisha malipo ya kujirudia hufanywa huko huko Play Store, kwenye Malipo na usajili. Kufuta apu hakusimamishi kitu, makato yanaendelea.